Alama ya Kumi na Tatu

Mtu aliyezoea kuhesabu hakosei ovyo, na Kapitolina Savishna alikuwa amehesabu wacheza baleti kwa miaka thelathini, kwanza Petersburg, halafu, baada ya mapinduzi ya Urusi kumtimua, hapa Paris. Ndiyo maana asubuhi ile ya Mei, akiwa amesimama nyuma kabisa ya ukumbi mtupu, alipohesabu wasichana jukwaani akapata kumi na watatu, hakuogopa. Alikasirika tu.

"Nani huyo kaingia bila ruhusa?" akapaza sauti.

Ngoma ikakatika. Kapitolina akapita katikati ya viti akigongagonga fimbo yake, ile anayowapigia hesabu za hatua, akafika mbele na kuhesabu upya kwa kidole. Kumi na wawili. Wote wa kwake, na wa mwisho ni Agnia, mtoto wa marehemu dada yake.

"Miwani, shangazi," Agnia akamtania. "Uzee haubishi hodi."

"Uzee ni wa mama mkwe wako atakayekuja! Rudini mwanzo."

Wakacheka, naye akacheka. Lakini kwenye duara alilowachorea sakafuni kwa chaki, alama moja ilikuwa imelowa. Ilikuwa ya kumi na tatu, iliyo baina ya Agnia na Tosya, na hapo hapakutakiwa kusimama mtu yeyote. Akainusa. Ilinuka tope la mto.

Alama hiyo tupu ndiyo ilikuwa roho ya mchezo wote. Rodion Glebovich, mtunzi wa baleti hiyo, kabla ya vita alizunguka vijiji vya Pskov akiandika nyimbo za wiki moja tu ya mwaka, wiki ambayo wasichana waliokufa kabla ya kuolewa, hasa waliokufa maji, hutoka mtoni kutembea mashambani. Warusi humwita msichana wa namna hiyo rusalka, jini la maji, na wakimtaja huteremsha sauti. Kijijini wanawake humwita, humpa nafasi kwenye duara, hucheza naye, kisha kwa wimbo wa mwisho humshika mkono na kumrudisha mtoni, kwaheri ya kuonana mwakani. Rodion aliyachukua hayo yote akayaweka jukwaani. Wasichana walicheza miguu mitupu, nywele chini, hakuna fidla hata moja, ni ngoma nzito tu na vyuma vinavyonolewa, nao huinyooshea mikono ile nafasi tupu kana kwamba wamemshika mtu. Aliyachukua yote isipokuwa wimbo wa mwisho. Huo aliukata.

Mji ulikuwa umeshachafuka kabla ya onyesho lenyewe. Kasisi wa Kirusi aliilaani baleti hiyo madhabahuni, gazeti moja likaiita matanga ya kuuzia tiketi, na wapiga ngoma wawili wakaaga kwa kisingizio cha kuumwa. Rodion alifurahi. Kila aliyetukana alimwona mpiga debe wake.

Wiki iliyofuata Tosya alimvuta Kapitolina pembeni, nyuma ya mapazia. Tosya alikuwa msichana mzima wa mwili na mdomo, si wa kuogopa kivuli, lakini siku hiyo alinong'ona huku akitazama jukwaani.

"Mama Kapa, naomba unihamishe nafasi."

"Kuna nini?"

"Mkono wangu wa kushoto. Tunapounyoosha pale patupu, unashikwa."

"Nani anakushika?"

"Sijui! Kwanza nilidhani ni uchovu. Sasa unabanwa, na nikitaka kuuvuta hauvutiki mpaka ngoma iishe. Hebu tazama."

Akaufungua mkono. Kiganja kilikuwa kimenyauka na kufanya makunyanzi, mkono wa mtu aliyefua nguo kutwa nzima, na mkono wa pili ulikuwa mzima.

"Umemwambia mtu?"

"Nimemuuliza Agnia, maana yeye yuko upande wa pili. Kanicheka. Kasema, 'Wewe unashikwa tu? Mimi ananisemesha.'"

Kapitolina akamtafuta Agnia kwa macho. Hakuwa na mtu mwingine duniani ila Agnia. Dada yake alipokufa kwa homa ya chawa kule kusini, mtoto akiwa na miaka kumi na mmoja, Kapitolina alimvusha Bahari Nyeusi akiwa amemfunga kiunoni kwa kamba asipotee kwenye msongamano wa watu melini, akamlisha kwa kufua na kupiga pasi, akamfundisha kazi mwenyewe. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, na Alhamisi ya onyesho ndiye atakayesimama mbele ya Paris nzima. Kapitolina alikwisha kuona kwamba siku zile mtoto hali chakula ila anakunywa maji jagi zima, kwamba nywele zake hazikauki hata akikaa juani, na kwamba mikono yake imekuwa baridi. Alijidanganya kwamba ni kazi nyingi. Usiku huo huo alimsikia chumbani mwao akiongea kwa upole mbele ya beseni la kunawia.

"Ndiyo," Agnia alikuwa akisema. "Ndiyo, dada. Alhamisi nakuja."

Kapitolina akaketi kitandani na kulia kimyakimya mpaka kukapambazuka.

Asubuhi alimfuata Rodion Glebovich kabla hajamaliza kahawa yake.

"Rudisha wimbo wa mwisho."

"Upi? Ule wa kumsindikiza?" Rodion akatabasamu. "Mtamu mno, Kapa. Watu wa Paris watatoa leso, watapiga makofi, watakwenda kula. Mimi nataka watoke hapa hawajui waende wapi."

"Unamwita mara nne kwa siku, na hakuna anayemtoa. Mgeni gani huyo wa kufungiwa ndani?"

"Wewe ni mwalimu wa mazoezi au mganga? Kama ni mganga, nina jino linaniuma."

"Rodion Glebovich, ninakuomba kwa ajili ya mtoto wangu."

"Mtoto wako hajawahi kucheza vizuri namna hii maishani mwake! Nenda kahesabu, mama. Kazi yako ni kuhesabu."

Kapitolina akatoka kwa hasira, akashuka ngazi mpaka chumba cha kufulia. Huko alikuwako Bibi Ustinya, mfuaji wa nguo za jukwaani, mwanamke wa Pskov mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Hata kabla Kapitolina hajafungua mdomo, Ustinya alimwonyesha kamba ya nguo.

"Nafua kanzu kumi na mbili kila siku," alisema. "Na kila siku naanika kumi na tatu. Ile ya mwisho ikikauka haionekani tena. Nilikuwa nakungoja uje mwenyewe."

"Kwa nini hukusema, bibi?"

"Ningesema, nani angemsikiliza mfuaji? Yule bwana wenu aliandika nyimbo kwa bibi zetu, akakosa adabu ya kuandika mpaka mwisho. Sasa sikiliza, maana Alhamisi hii ndiyo Alhamisi ya saba baada ya Pasaka, siku yao. Asipotolewa siku hiyo, hatoki tena, na hatabaki peke yake."

Akamweleza polepole, akimshika kifundo cha mkono. Wasichana waimbe wimbo wa kusindikiza. Kapitolina aingie mwenyewe katika duara, amshike yule mgeni mkono pale pale anaposimama, amtoe bila kumtazama usoni na bila neno, ampeleke kwenye maji yanayotembea, amwachie, akimbie, afunge mlango.

"Na atakayegonga kabla ya jua kutoka," Ustinya akasema, "usimfungulie. Akuite kwa sauti ya mama yako mzazi, usimfungulie."

"Nitamjuaje gizani?"

"Wewe si ndiye uliyewachorea pa kusimama?"

Hilo lilimpa moyo. Wasichana wake aliwajua kwa alama zao. Aliyesimama pa mwenzake alilipa kwa jasho. Nafasi haidanganyi, ndivyo alivyowafundisha miaka yote. Akapima hatua kutoka pazia la kushoto mpaka alama ya kumi na tatu: hatua saba, na nusu ya nane. Akazirudia mara ishirini macho yakiwa yamefumbwa.

Jumatano, Rodion alipokwenda kugombana na waandishi, aliwafundisha wasichana ule wimbo kwa siri. Hakuwaambia sababu. Alijua kwamba analolisema katika duara lile linasikiwa na masikio kumi na matatu.

"Mwisho, taa zikizimwa, mtaimba huu. Mimi nitaingia nimshike mmoja wenu nimtoe. Atakayeshikwa anifuate kimya, asiseme kitu, hata nimpeleke wapi. Ni mwisho mpya."

"Na Rodion Glebovich?" Tosya akauliza.

"Rodion Glebovich niachieni mimi."

Agnia alimtazama kwa macho yaliyong'aa. "Utanitoa mimi, eeh, shangazi? Si mimi ndiye mkubwa wa ngoma?"

"Wewe simama kwenye alama yako tu," Kapitolina akamjibu. "Nakuomba, mwanangu. Usiondoke kwenye alama yako."

Alhamisi ilifika. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi, wenye vito chini, wanafunzi juu, wanawake wa Kirusi waliovaa nyeusi wakijipiga ishara ya msalaba. Dakika tano za kwanza walinyamaza. Kisha mmoja akapiga mluzi, mwingine akamwambia anyamaze, kofi likalia, na ghafla watu elfu moja walikuwa wamesimama wakipiga kelele, hawa wakidai pazia lishushwe na hawa wakidai wenzao watolewe nje, viatu vinarushwa, darubini zinarushwa, na ngoma zote zile zikamezwa na makelele, hata Kapitolina aliyekuwa pembeni akigonga fimbo kwa nguvu zake zote hakuisikia fimbo yake mwenyewe.

Wasichana walikuwa wakizunguka. Duara lile lilitakiwa kuzunguka mara tatu, hesabu thelathini na tisa, na kila mmoja arudi pa kwake. Lakini bila hesabu wangejuaje? Waliangaliana, midomo ikichezacheza, wengine mbele, wengine nyuma, na Kapitolina akajaribu kuwahesabu lakini hawakusimama wakahesabika, na ile harufu ya tope la mto ikapanda kutoka sakafuni ikajaa pembeni kote hata fundi wa taa akaziba pua, na wakati huo huo meneja wa ukumbi, akidhani atawatuliza watu, akaamuru taa zote zizimwe.

Giza likaingia. Ndani ya giza hilo, kwa sauti ndogo zenye hofu, wasichana wakaanza kuimba.

Kapitolina akapiga moyo konde akaingia. Moja. Mbili. Ubao ulikuwa umelowa chini ya viatu vyake. Tano. Sita. Saba, na nusu ya nane. Akanyoosha mkono, akakuta mkono. Ulikuwa baridi na umelowa, akaushika, nao ukamshika, ukamfuata bila kuvutwa, wakapita nyuma ya mapazia, wakapita chumba cha bawabu ambaye alikuwa amekimbilia mbele kuona vurugu, wakatoka mlango wa nyuma hadi barabarani na kuteremka ngazi za mawe ziendazo kwenye maji ya Seine, naye njia nzima anatazama mbele, shingo imekakamaa, akisikia nyayo tupu zikipiga mawe nyuma yake, na ghafla ule mkono ukamminya vidole kidogo, mara mbili, naye akaona ni dhihaka, ni jini linalomchezea, akazidi kukaza mwendo. Kwenye ngazi ya mwisho, maji yakigusa viatu vyake, akauachia. Akakimbia.

"Shangazi?" sauti ikasema nyuma yake.

Ustinya alikwisha kumwonya. Hakugeuka.

Alipofika ndani alibamiza mlango na kukomea, akapanda mbio mpaka chumba cha wasichana, akahesabu. Tosya yuko. Fulani yuko, fulani yuko. Kumi na mmoja wanalia na kufutana rangi usoni. Na kwenye kiti cha mwisho, mbele ya kioo, alikuwako Agnia akichana nywele. Kapitolina akamrukia akamkumbatia. Mikono ilikuwa na joto. Akazishika nywele, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi zilikuwa kavu.

"Asante Mungu," akasema, machozi yakimtiririka. "Mwanangu, asante Mungu."

"Nimechoka, shangazi," Agnia akasema, akatabasamu.

Polisi walikuwa wamejaa barabara ya mbele wakitenganisha watazamaji, lakini mlango wa nyuma Kapitolina aliukalia mwenyewe. Wasichana walitolewa kupitia mbele. Walibaki watatu: yeye, Bibi Ustinya, na Agnia aliyekataa kuondoka bila shangazi yake. Haukupita muda mlango ukagongwa.

"Shangazi. Nifungulie."

Ilikuwa sauti ya Agnia, nukta kwa nukta. Kapitolina akamgeukia Agnia aliyekaa naye kwenye benchi. Agnia alikuwa akichana nywele.

"Shangazi, ni mimi. Ulisema tusiongee, sikuongea. Nilidhani ni mwisho mpya. Kwa nini umekimbia?"

"Hayo nani angeyajua?" Kapitolina akamnong'oneza Ustinya. "Niliwaambia wao tu!"

"Na jini lenyewe lilikuwapo," Ustinya akanong'ona. "Lilisimama katikati yao likasikia kila neno. Ulimshika pale pale?"

"Pale pale. Hatua saba na nusu ya nane."

"Basi keti."

"Shangazi, nilipotea hesabu!" Sauti ya nje sasa ilikuwa inalia. "Makelele yalikuwa mengi, sikujua nimesimama alama ya nani, nisamehe! Nifungulie, nina baridi, kuna watu huku chini kwenye maji. Wanawake. Wananitazama."

Kapitolina akasimama. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo kabla hajajua, na Ustinya akaudaka, wakavutana bila kusema, wanawake wawili wazima wakitweta gizani. Yule wa kwenye benchi hakunyanyuka. Alisema tu, kwa upole mkubwa:

"Usifungue, shangazi. Umeshanipata."

Ni neno hilo lililomrudisha kwenye benchi. Nywele zilikuwa kavu. Mikono ilikuwa ya moto. Na nafasi haidanganyi. Akaziba masikio kwa viganja, lakini mlango ule ulikuwa wa mbao nyembamba, na usiku wa Juni ni mfupi Paris, ila ule haukuwa na mwisho. Sauti ilibembeleza, ikaapa kwa jina la mama yake, ikaimba wimbo ambao Kapitolina alimwimbia mtoto melini akiwa amemfunga kiunoni, ikakohoa, ikaita tena, na kila ilipoita, huyu wa ndani alisikiliza huku ameinamisha kichwa, midomo ikimcheza, kama anayejifunza.

Kulipoanza kupauka nje, sauti ikateremka.

"Wako ngazini," ikasema. "Shangazi, wamefika kwenye ngazi."

Halafu kimya. Jua lilipotoka wakafungua. Palikuwa na maji tu kizingitini, nayo yalikauka mapema.

Baleti haikuchezwa tena. Meneja aliwafungia ukumbi, Rodion Glebovich akawa maarufu mji mzima, Ustinya akarudi kwenye nguo zake, akahesabu kumi na mbili, akasema imekwisha. Agnia alikula. Alikula mkate, alikula nyama, alicheka na majirani, na Kapitolina alimtazama akila akajiambia kwamba Mungu ni mwema.

Jumapili polisi walikuja kwa heshima. Mtoni ameokotwa msichana aliyevaa kanzu nyeupe ya kitani, ya jukwaani. Labda bibi atamtambua, labda ni mmoja wa wale wasichana wake?

"Wangu wote wako salama," Kapitolina akasema.

"Twende tukamtazame, shangazi," Agnia akasema, akichukua kofia. "Maskini, si lazima awe na mtu?"

Chumba cha maiti kilikuwa kimeoshwa kwa dawa kali. Karani alifunua shuka upande wa kichwa. Maji huharibu uso kwa siku tatu, na uso ule ungeweza kuwa wa yeyote mwenye nywele za rangi ya shayiri. Kapitolina akashusha pumzi. Shuka lilikuwa fupi, na karani alipolivuta kufunika uso, miguu ikabaki wazi.

Ilikuwa miguu ya mcheza baleti. Vidole vilivyopinda, kucha mbili nyeusi, sugu juu ya sugu, na kwenye kidole gumba cha kulia bendeji ambayo Kapitolina aliifunga mwenyewe Alhamisi jioni, kwa fundo lake.

Polepole, kwa sababu shingo haikutaka, akainamisha macho kwenye miguu ya yule aliyemshika mkono. Agnia alikuwa amevaa viatu vya wazi vya majira ya joto. Vidole vyake vilikuwa laini, vimenyooka, ngozi haina hata mkwaruzo, miguu ambayo haijawahi kuvaa kiatu wala kukanyaga ardhi.

"Unamfahamu, bibi?" karani akauliza, kalamu mkononi.

Mkono ule uliomshika kwapani ukamminya. Ulikuwa mkavu, una joto, una nguvu. Kapitolina alitaka kupiga ukelele, alitaka kuanguka juu ya ile miguu aibusu, na alijua kwamba akitamka lile jina itambidi amalizie yote: nani alimshika, nani alimtoa, nani alikaa nyuma ya mlango. Na baada ya hapo hatabaki na mtu, hata huyu.

"Simfahamu," akasema.

Karani akaandika. Agnia akamnyooshea shangazi yake kola ya koti, akamfuta chozi kwa kidole gumba.

"Twende nyumbani, shangazi," akasema. "Nina njaa."